Pumzi Ndani ya Tarumbeta

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nisipoliandika sasa hivi nitaogopa tena: kila mchana Baba akilala, mimi humsikiliza mapafu.

Sitanii. Nilichukua faneli ya jikoni, nikachomeka kipande cha mpira wa maji kwenye ncha yake. Faneli naiweka mgongoni kwa Baba juu ya fulana, na ule mpira nauweka sikioni. Dawa zake humlaza kama gogo, hajawahi kuamka. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa hofu. Sasa, na hili ndilo linaloniaibisha, nafanya kwa sababu napenda. Ni kama kuweka sikio ukutani ili kusikia majirani, ila majirani wenyewe wako ndani ya Baba.

Unakumbuka daktari alivyotueleza ile saratani yake ya damu. Si ile ya haraka, ni ile ya polepole ambayo mtu anaishi nayo miaka. Chembe nyeupe zinazaliwa nyingi kupita kiasi, lakini ni walinzi waliovaa sare tu, mwizi akiingia wanampisha. Kwa hiyo kinachokuwa mafua kwangu, kwa Baba kinaweza kuwa nimonia. Tangu anieleze hivyo, nimekuwa nikijiuliza nimonia inaingiaje, inakaa upande gani, na inasikikaje siku ya kwanza kabla mwenyewe hajajua.

Najua Mama alikukataza kuja. Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango na sikusema kitu. Ulikuja na tarumbeta ya Babu na kikohozi, majuma machache baadaye Baba akalazwa kwa mara ya pili, basi Mama akajumlisha mwenyewe. Tangu hapo hapokei mgeni. Hata mtu wa kusoma mita ya maji anasimama nje na kutusomea namba kwa sauti.

Tarumbeta ndiyo inayompa Baba raha. Mtaalamu wa mazoezi ya kifua alimpa kidude cha plastiki chenye mipira mitatu, unavuta pumzi na mipira inapanda. Baba alisema hajarudi chekechea. Kila alasiri anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anapiga nyimbo za bendi ya Babu, na anasema hayo ndiyo mazoezi yake. Mimi naing'arisha nje kama ulivyoagiza, na ndani hatugusi, kwa kuwa mna pumzi ya Babu.

Sasa nikuambie ninachosikia. Tangu juzi, mgongoni chini, upande wa kulia, kuna sauti kama mtu anafungua peremende ya karatasi ya nailoni mkutanoni, polepole, hataki wenzake wajue. Inakuja mwisho wa kuvuta pumzi tu. Kushoto haipo. Kipimajoto asubuhi na jioni kinasema hana homa, Mama amefurahi, na mimi nasikia peremende.

Nikimwambia Mama, ataniuliza nimejuaje. Wewe ungefanyaje? Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Kupiga simu unajua siwezi, nikisikia "halo" maneno yote yananikimbia.

Mwanao,
Kimya


4 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Mteja aliyekuwa anapimwa gauni aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia kuna faneli.

Kwanza, usiirudishe hiyo faneli jikoni.

Pili, huyo baba yako mimi nilimbeba mgongoni. Namjua tangu siku za kuvaa kaptula moja wiki nzima, ndiyo maana mpaka leo namwita Kaptula. Akitaka kukwepa shule alikuwa anagugumia chai ya moto, kisha anaweka kipimajoto chini ya ulimi na kulegeza macho. Babu yako alimkimbiza zahanati mara mbili kabla hajashtuka. Sasa mtu aliyejua kupandisha homa kwa chai, atashindwa kuishusha kwa maji baridi? Angalia anakunywa nini kabla ya kupimwa.

Tatu, mwambie mama yako leo. Usingoje kumalizia uchunguzi wako. Kuona haya hakujawahi kumlaza mtu hospitali.

Mimi kuja siwezi. Mama yako ni wifi yangu na nampenda, lakini siku ile aliniangalia kama mtu aliyekanyaga shuka nyeupe na viatu vya tope. Wala simlaumu. Kikohozi kilikuwa changu, na mdogo wangu akaanguka. Kila nikikaa kwenye cherehani nalirudia hilo, mguu unakanyaga na kichwa kinakanyaga.

Akipiga tarumbeta, mwambie apige na ule wimbo wa Babu wa kufungulia sherehe. Ila ndani isioshwe. Nakuomba sana. Nje ni shaba tu, ndani ndimo alimobaki.

Nijibu haraka.

Shangazi yako


5 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Ni maji ya barafu. Nilichungulia jana jioni nikamwona Baba nyuma ya mlango wa jokofu akinywa kwenye chupa, mashavu yamejaa. Aliponiona alinikonyeza, kana kwamba tuko timu moja.

Asubuhi nilikwenda kwa Mama kazini, kule kwa dobi. Nilisimama mbele ya meza yake ya pasi. Nikamkabidhi faneli.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta juma zima?" akasema.

Nikamweleza. Nadhani nilieleza vibaya, nilianzia mwisho. Alizima pasi, akaacha shati la mtu na mkono mmoja haujanyooka, tukaenda nyumbani. Akamwambia Baba ageuke.

"Mmenifanya redio?" Baba akauliza.

"Vuta pumzi, bwana."

Mama alisikiliza muda mrefu kuliko mimi. Kisha akaondoa mpira sikioni na kusema, "Vaa viatu." Hospitali walimpima homa kwapani. Yule muuguzi alisoma, akatikisa kipimajoto, akapima upya. Mtu wa aina ya Baba hatakiwi kukaa na homa hata nusu siku, na yeye alikuwa ameificha kwa siku kadhaa.

Wamemlaza chumba cha peke yake, cha mwisho kwenye korido. Tunamwona kupitia kioo.

Mama hakunigombeza. Tukiwa tunarudi aliniuliza, "Na pafu zima linasikikaje?" Nikamwambia kama pazia likiguswa na upepo.

Kimya


9 Februari

Kwako mpelelezi,

Usidhani nimekukasirikia. Nimekukasirikia kidogo tu, kama mtu aliyeshindwa karata na mwanawe.

Hapa nimekuwa mheshimiwa. Nina chumba changu, kila anayeingia anavaa barakoa na kunawa mikono, na dripu inanifuata chooni kama mlinzi wa waziri. Lakini nikuambie ukweli, maana najua utamtoa mama yako jasho kwa maswali: dawa ya kwanza haikufanya kitu, ya pili inasuasua. Homa inashuka mchana inapanda jioni. Kuongea kunanichosha, ndiyo maana nakuandikia. Mama yako ndiye tarishi.

Daktari wa mapafu alikuja na maswali mengi kuliko yako. Unafuga ndege? Unalima? Unachimba mboji? Nyumba inavuja? Unashughulika na nyasi kavu, magodoro ya zamani, kuta zenye unyevu? Nikajibu hapana, hapana, mpaka nikajiona mtu asiye na maisha. Mimi mchora mabango, na tangu mwaka jana hata brashi zangu mama yako amezificha. Kesho watapitisha kibomba chembamba chenye taa mpaka ndani ya pafu, waoshe kidogo na kuvuta yale maji wakayapime. Najua ungelipa kiingilio kuona.

Sasa ombi. Niletee tarumbeta. Wamenipa tena ile mipira mitatu, na mmoja wa wauguzi ananishangilia ikipanda. Siwezi kufa huku nikishangiliwa kwa mipira. Mama yako akubali au asikubali, ipitishe kwenye begi la nguo.

Wale wawili niliokuwa nakaa nao kwenye benchi la kliniki, mrefu na mwenye kofia, walilazwa na kitu kama hiki. Nafasi zao kwenye benchi siku hizi wanakaa wengine. Ninaogopa, mwanangu. Nikiwa na tarumbeta mkononi, woga unapungua nusu.

Baba yako


10 Februari

Baba,

Shikamoo. Tarumbeta siileti. Tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho.

Niliitoa kabatini ili niing'arishe nije nayo. Nilikuwa na barua yako pembeni. Nilipokuwa nafuta, macho yakaangukia pale ulipoandika maswali ya daktari, kuhusu vitu vya zamani na unyevu. Nikajiuliza swali la kijinga: hivi humu ndani kuna nini? Miezi yote hii nimefuta nje tu.

Nilivuta kile kibomba kinachotelezeshwa. Kiligoma, kisha kikatoka na harufu. Ni harufu ya nguo zilizosahaulika ndani ya ndoo. Nikamulika kwa tochi. Kuna utando mweusi unaoelekea kijani, na juu yake vinyweleo vidogo kama vya tunda lililooza. Uliendelea ndani mpaka mwanga ulipoishia. Nikarudisha kibomba, nikafunga tarumbeta yote kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka nje barazani, nikanawa mpaka kwenye viwiko.

Halafu nikajipinga mwenyewe. Nikasema hewa ya tarumbeta inatoka, haiingii, kwa hiyo haiwezi kumdhuru anayepuliza. Nikakaa na hilo. Ndipo nikakumbuka ninavyokuangalia ukipiga. Kati ya mstari na mstari hutoi mdomo. Midomo inabaki palepale, unavuta pumzi kwa pembe zake, haraka, mabega yanapanda. Ni kweli? Na ukivuta namna hiyo, hakuna kinachorudi kutoka kwenye bomba? Ukivuta kwa nguvu zaidi, kinarudi zaidi? Ungekuwa hapa ningekuomba unionyeshe kwa bomba safi na unga kidogo.

Mwambie daktari, Baba. Usipomwambia wewe itabidi nimwambie mimi, na unajua mimi hata bei ya nyanya siwezi kuuliza.

Najua ni pumzi ya Babu. Nimelia kidogo kabla ya kuandika hapa. Lakini sidhani kama Babu alipuliza ile tarumbeta maisha yake yote ili ikuue.

Mwanao,
Kimya


13 Februari

Mpelelezi wangu,

Sikumwambia. Nilikaa na barua yako chini ya mto, nikisema kesho, maana kumwambia ni kukiri kwamba nimekuwa nikijipulizia ugonjwa mwenyewe, kila alasiri, kwa furaha.

Jana daktari akaingia na kikaratasi. "Huyu ni nani aliyenikabidhi hiki mlangoni na kukimbia?" Akanisomea: "Daktari, mgonjwa wa chumba cha mwisho hupiga tarumbeta ya zamani yenye ukungu ndani. Hatoi mdomo akivuta pumzi. Samahani kwa usumbufu."

Nikasema, "Huyo ni binti yangu. Ukimwona hukimbii, yeye ndiye anayekimbia."

Hakucheka. Alikaa kitandani, jambo ambalo madaktari hawafanyi, akaniambia nimweleze tangu mwanzo. Majibu ya yale maji ya pafu nayo yamefika: ni ukungu. Dawa zote nilizokuwa natiwa ni za kuua bakteria, ndiyo maana zilikuwa zinapiga hewa. Anasema hawezi kuapa kwamba umetoka kwenye tarumbeta, ukungu uko kila mahali, mimi na yeye tunauvuta kila siku. Mwenye kinga nzuri anaumaliza bila kujua. Kwangu mimi ulikuta mlango wazi na walinzi wamelala. Ila alisema, "Ningekuwa mimi ndio ukungu, ningehamia humo."

Wamebadilisha dawa. Nitaimeza kwa miezi. Jana jioni homa haikupanda sana, na leo nimekula sahani nzima nikauliza kama kuna nyingine. Na swali lako: ndiyo, sitoi mdomo. Babu yako ndiye alinifundisha hivyo.

Sasa nisikilize vizuri. Mama yako keshajua, daktari kamweleza. Lakini Dada, shangazi yako, asijue. Alinilea mimi, mwanangu, alinishonea hata hiyo kaptula anayonitania nayo. Akisikia kwamba alinibebea ugonjwa mikononi mwake, ukiwa umeng'arishwa, hatakula. Nimemwandikia kwamba ni vumbi. Ukiulizwa na wewe, ni vumbi.

Baba yako


13 Februari

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia mwenyewe ili usisikie kwa watu. Nililazwa, sasa naendelea vizuri. Wamegundua ni vumbi. Kuna barabara wanatengeneza karibu na kwetu, basi vumbi lile likaingia kifuani, na unajua mimi na kinga yangu. Ni vumbi tu. Kwa hiyo hata mara ile uliyokuja huenda hakikuwa kikohozi chako, huenda nayo ilikuwa vumbi.

Tarumbeta iko salama, inakusalimu. Kwa sasa nimeipumzisha.

Mdogo wako


16 Februari

Kimya wangu,

Nakuandikia wewe, baba yako asiione.

Kaptula ameniletea barua fupi yenye vumbi kila mstari. Hajawahi kujua kusema uongo bila chai ya kumsaidia. Mtu anayependa kitu haandiki "nimekipumzisha". Nikaweka mkasi chini, nikaenda chumbani, nikafungua lile sanduku la mbao ambamo tarumbeta ilikaa miaka yote tangu Babu yako azikwe. Nikaingiza kichwa. Kitambaa cha ndani kimeota madoa meusi. Kumbe harufu ile nimeishi nayo, nikidhani ni harufu ya uzee.

Usinijibu kama ni kweli au si kweli. Nimeshajijibu.

Ila kuna kitu lazima ukijue wewe, kwa kuwa unapenda kujua vitu vinatoka wapi. Babu yako alikuwa anaiosha tarumbeta yake. Kila juma, bila kukosa, maji ya uvuguvugu na sabuni, akaining'iniza kwenye kamba ya nguo kama soksi. Alikuwa ananigombeza nikisahau kumwekea maji. Ile habari ya kutoosha ndani kwa sababu ya pumzi yake, sikuipata kwake. Niliitunga mimi siku ya matanga. Mtu alichukua tarumbeta ili akaisuuze, nikapiga kelele mbele ya wageni wote: msioshe, pumzi yake imo. Watu wakanyamaza kwa heshima, mimi mwenyewe nikaamini, nanyi mkaamini. Nilitaka kitu kimoja tu cha baba yangu kisitolewe nje na kumwagwa.

Sasa naomba mambo mawili. Iosheni. Mtafute fundi anayejua, asifanye baba yako wala wewe. Maji yatakapotoka, niagie. Na la pili, Kaptula asijue kwamba najua. Amejitahidi sana na hilo vumbi lake. Mwache ashinde.

Upande wa kulia unasemaje siku hizi?

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba yuko nyumbani. Ngazi zetu chache anazipanda kwa kupumzika katikati, na anasingizia kwamba anatazama mandhari. Kila mwezi sasa atakuwa anatiwa dripu ya kinga iliyotolewa kwenye damu ya watu wengine. Nilimuuliza muuguzi ni watu wangapi, na kama wanajuana, na walinzi wa kuazima wanakaa muda gani kabla ya kuchoka. Nilimuuliza kwa mdomo, Shangazi, bila karatasi. Alijibu yote isipokuwa la kujuana.

Upande wa kulia, chini, imebaki peremende moja. Daktari anasema huenda ni kovu na huenda ikabaki siku zote, na saratani nayo bado ipo, hiyo haijaondoka. Alinipa kifaa chake mwenyewe nisikilize, nikagundua faneli yangu haikuwa mbaya sana. Siku hizi Baba analala ubavu mwenyewe baada ya chakula na kusema, "Redio iko hewani." Kipimajoto kinawekwa kwapani, na Mama amesimama mbele yake mpaka kilie.

Sasa ujumbe wa Mama. Amesema nikuandikie hivi hivi: "Mwambie wifi yangu aje. Achanjwe mafua kwanza. Akikohoa hata mara moja asipande basi. Barakoa nimemwekea." Baada ya kusema hivyo alikwenda kupiga pasi shuka za kitanda utakacholalia. Alizipiga jana pia, na hakuna aliyezigusa. Nadhani hiyo ndiyo samahani yake, na mimi nimeona niiandike kwa sababu yeye hataisema.

Utakapokuja Baba atakueleza habari za vumbi. Amekwishafanya mazoezi, ameongeza hata lori la kokoto. Wewe itikia tu. Mimi nitakaa katikati yenu na siri zenu mbili, na nitajitahidi nisicheke.

Tarumbeta tumeiosha. Nilimpelekea fundi wa vyombo vya bendi, yule mwenye kibanda nyuma ya gereji. Alivaa barakoa, akaifungua kipande kwa kipande, akailoweka kwenye beseni, akapitisha brashi yenye waya mrefu. Maji yalitoka kama chai iliyosahaulika juma zima. Alipoyamwaga mtaroni nikakuagia, kimoyomoyo, kwa jina lako na la Baba. Nilidhani nitalia. Badala yake nilijikuta nachungulia ndani ya bomba kuona rangi yake. Ni ya dhahabu mpaka mwisho, Shangazi. Nje tumeing'arisha miaka yote, kumbe ndani ndimo ilimokuwa nzuri.

Alipomaliza kuiunga akaninyooshea. "Pima."

"Mimi?"

"Mimi meno ya mbele niliyaacha barabarani kwenye ajali, sipulizi tena. Pima, binti, nina kazi."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Ya pili ilikuwa ya mbuzi mgonjwa. Ya tatu ikatoka yenyewe, moja, ndefu, iliyonyooka, ikapita juu ya mabati ya gereji, na mafundi waliokuwa chini ya gari wakatoa vichwa kunitazama. Mimi, ambaye siwezi kusema "halo". Nilitaka kukimbia, lakini nilikuwa bado na pumzi kifuani, nikaona kwanza niimalize.

Tarumbeta inakaa kwa fundi, na tangu siku hiyo nakwenda kila Jumamosi. Mama anadhani napeleka viatu kushonwa, na sasa hatuna kiatu kibovu nyumba nzima. Napiga, kisha naiosha kama Babu alivyokuwa anafanya, maji ya uvuguvugu na sabuni, naining'iniza ikauke. Pumzi yangu inaingia, inatoka, inamwagwa, na Jumamosi inayofuata naleta nyingine. Nikivuta hewa natoa mdomo. Fundi anasema ni ushamba, namwambia nina sababu.

Wimbo wa Babu wa kufungulia sherehe nimeupata mpaka katikati. Baba amekatazwa kupuliza, lakini hakuna aliyemkataza kusikiliza. Siku utakayofika, yeye atakuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, dirisha limefungwa, na wewe utakuwa umekaa mbali naye na barakoa yako, mkidanganyana. Mimi nitawaaga kwamba naenda dukani. Nitasimama nje, chini ya ukuta, ambapo hewa ni ya kila mtu. Ukisikia mbuzi, tafadhali usigeuke, ngoja kidogo, sauti ya tatu ndiyo inayokuja vizuri.

Nimekuandikia wewe peke yako kwa sababu nikijua kwamba kuna mtu anayengoja, sitaweza kurudi nyuma. Baba hajui, Mama hajui, hata fundi hajui ni kwa nini. Nakuomba, mpaka siku hiyo, usimwambie mtu.

Mwanao,
Kimya